Karamu ya mbinguni haina kadi ya mchango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na Wakristo wenzangu juu ya jambo linalojirudia kila mwaka Pasaka ikishapita. Kwa kuwa madhehebu kadhaa hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, harusi zilizosubiri hujazana katika wiki zinazofuata, na baadhi ya mimbari huanza kutoa hubiri lile lile: kwamba shangwe hizi za ukumbini ni ubatili, na anayetaka furaha ya kweli aisubiri mbinguni. Kwamba furaha ya mbinguni ni kubwa kuliko hizi sibishi. Ninachobishia ni picha inayobaki kichwani mwa msikilizaji, hasa kijana, kwamba mbinguni ni ibada ndefu isiyo na kicheko, na kwamba Mungu huwatazama kwa jicho la mashaka watu wanaokula na kucheza.

Maandiko yanasema vingine. Isaya, katika sura ya 25, alipotaka kuwaeleza watu mwisho ambao Mungu amewaandalia, hakutafuta mfano hekaluni. Alisema Bwana wa majeshi atawafanyia mataifa yote karamu ya vitu vinono mlimani. Yohana katika Ufunuo 19 anawaita heri walioalikwa karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo. Naye Bwana Yesu, katika Luka 15, anapoeleza furaha iliyoko mbinguni kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja atubuye, anamalizia kwa nyumba yenye ndama aliyenona, nyimbo na machezo. Anayesimama nje ya nyumba ile, amekunja uso na hataki kuingia, ni yule kaka mkubwa ambaye hajawahi kukosa kazini. Wahubiri wetu wanaozisema vibaya sherehe wangefanya vema kutazama wamesimama upande gani wa mlango huo.

Arusi ya Kana, ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai, inafundisha zaidi. Divai ilikwisha watu wakiwa bado wameketi, jambo ambalo kamati yoyote ya harusi hapa nchini ingelijua uchungu wake. Palikuwa na mabalasi sita ya mawe, kila moja likichukua nzio mbili au tatu, yaani takriban lita 80 hadi 120. Watumishi wakayajaliza maji hata juu, na yote yakawa divai. Ukijumlisha unapata zaidi ya lita 450 kwa arusi ya kijijini, tena kwa watu waliokwisha kunywa. Huo si mkono wa mtu anayeionea haya furaha ya wageni. Lakini angalia pia mshangao wa mkuu wa meza: kila mtu huandaa kwanza divai iliyo njema, akaleta iliyo dhaifu watu wakiisha kunywa, ila hapa iliyo njema imewekwa hata sasa. Sherehe zetu zote hufuata ule utaratibu wa kwanza. Huanza na maharusi wakiingia, vigelegele vikipasua paa, na ndafu ikiletwa kwa mbwembwe. Kufika saa sita usiku mwenye ukumbi anawasha taa, watoto wamelala kwenye viti, na mweka hazina anahesabu ahadi ambazo hazijalipwa. Halafu tunakutana tena kuvunja kamati, kana kwamba furaha nayo ina tarehe ya kuvunjwa. Furaha ya mbinguni huenda kinyume na mpangilio huo, ikizidi kuwa njema kadiri inavyoendelea.

Kuna tofauti nyingine ambayo kwangu ni nzito zaidi. Karibu kila harusi ina mtu asiyekuwepo. Bibi harusi anasindikizwa na baba mdogo kwa sababu baba yake amefariki. Jina la marehemu linatajwa, ukumbi unatulia kidogo, kisha mshereheshaji anaagiza muziki haraka ili simanzi isitawale. Simlaumu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyolipwa kufanya. Ndivyo furaha ya duniani inavyojilinda: huomba msiba usogee kando hadi kesho. Isaya anaposema juu ya karamu ile ya mlimani, hasemi wageni watasahau. Anasema Mungu atameza mauti hata milele na kufuta machozi katika nyuso zote. Machozi hayafichwi ukumbini humo. Yanafutwa, na chanzo chake kinaondolewa.

Hapo ndipo penye swali ambalo hubiri la msimu huu linapaswa kuliuliza, badala ya kuuliza kama muziki ni wa dunia au la. Nani yuko ndani? Kwetu kadi ya mchango hutangulia kadi ya mwaliko. Asiyetoa hapewi ya pili, na aliyetoa kidogo hupewa ya mtu mmoja ilhali mwenzake amepewa ya watu wawili. Najua mchango ulianza kama wema: jirani alileta kuni, mwingine mkungu wa ndizi, na aliyekuwa hana kitu alileta mikono yake akachota maji. Wema huo nauheshimu, na bila huo vijana wengi wasingefunga ndoa kwa heshima. Lakini kilichokuwa msaada sasa kimekuwa kiingilio. Isaya 55 inamwita asiye na fedha aje ale. Luka 14 inamwagiza mwandaaji wa karamu awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hawana cha kumlipa. Sherehe ya Mkristo haikosei kwa kuwa na furaha nyingi. Hukosea inapokuwa na furaha ya wale tu walioilipia.

Wapo watakaosema kuwa bajeti hairuhusu. Mimi nimekaa katika kamati hizi na najua kwamba chakula huagizwa kwa ziada kila mara, na ziada hiyo huishia kugawanwa jikoni. Nehemia 8 inawaambia watu wale kilichonona, na katika sentensi hiyo hiyo wampelekee sehemu asiyewekewa kitu. Ningependa wachungaji wetu, wanapowafundisha wachumba kabla ya ndoa, waifungue sura hiyo pamoja nao na kuwataka walete majina ya watu wa mtaani kwao watakaoketi ukumbini bila kuchangia, kisha orodha hiyo ikabidhiwe kwa mwenyekiti wa kamati kabla kadi hazijachapishwa.

Mzee wa Kanisa,
Mbezi, Dar es Salaam