Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: baraza la ndoa la kata yetu litakaa lini?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima zote za ofisi yako, na natumaini u mzima. Mimi ni mwananchi wako, fundi cherehani, mama wa watoto watatu. Kwa karatasi za serikali bado ni mke wa mtu ambaye hatujalala nyumba moja tangu mtoto wetu wa mwisho hajaanza kutembea. Sasa hivi mtoto huyo yuko darasa la kwanza. Barua za bahasha nimeshaleta masijala kwako, zikagongwa mhuri wa kupokelewa, zikaishia hapo. Ndiyo maana hii naiandika hadharani, uniwie radhi.

Wiki iliyopita nilikwenda mahakama ya mwanzo kufungua shauri la talaka. Nilikuwa na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na ile Fomu Namba 3 ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa, yaani hati ya baraza kwamba limeshindwa kutupatanisha, ambayo nimeisotea kuliko nilivyosotea kitu chochote maishani. Karani akaitazama tarehe, akahesabu miezi kwa vidole mbele yangu, akanirudishia. "Mama, hii imeshakufa. Miezi sita imepita. Rudi barazani ukaanze upya."

Nianze upya, Mheshimiwa.

Wewe unaijua sheria kunizidi, lakini wasomaji wengine hawaijui, kwa hiyo niieleze. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inasema huwezi kuomba talaka mahakamani kabla mgogoro haujapita kwenye baraza la usuluhishi na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 106 kinataka hati hiyo iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Wapo wanaosamehewa kupita barazani: aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi, ambaye mwenzake ameitwa akakataa kuja kwa makusudi, ambaye mwenzake amefungwa miaka mitano au zaidi, na wengine wachache. Mimi simo. Mume wangu aliitwa na alikuja.

Sasa sikiliza jinsi hati inavyokufa kabla ya kuzaliwa. Fomu yangu iliandikwa tarehe ya siku baraza lilipokaa, ila sikupewa siku hiyo. Ilikuwa inasubiri mhuri. Mhuri ulikuwa kwenye droo ya mtendaji, mtendaji alikuwa amehamishwa, na funguo ama aliondoka nazo ama alimwachia mtu aliyekuwa likizo. Maelezo yalibadilika kila nilipokwenda. Siku mhuri ulipopatikana waliugonga juu ya tarehe ile ile ya zamani. Mimi nasema hati imetolewa siku niliyoishika mkononi. Karani anasema imetolewa siku iliyoandikwa. Karani ndiye mwenye kaunta.

Lakini hilo la mhuri siyo linaloniuma zaidi. Kinachoniuma ni siku yenyewe ya baraza.

Baba watoto wangu ni dereva wa malori ya Tunduma. Kumpata si kazi ndogo. Hati ya wito nilipewa mimi mlalamikaji nimpelekee mwenyewe, na "hela ya karatasi" nikatoa, risiti sikuiona. Akaja. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata, mwenyekiti na wajumbe mbele yetu. Muda mwingi uliishia kwenye nani alianza kumkosea nani, simu ya nani ilishikwa na nani, mama mkwe alisema nini kwenye msiba. Mjumbe mmoja akaniambia, "Vumilia mama, ndoa ni uvumilivu." Nimevumilia hadi watu wanadhani ni mjane.

Mwishoni baba watoto akasimama. Nayakumbuka maneno yake yote. Alisema: "Wazee, mimi kurudi sirudi, tusidanganyane. Ila watoto ni wangu. Niambieni kwa mwezi nitoe ngapi, na likizo nawachukua lini, tuandike hapa niweke sahihi."

Mtu anaomba kusuluhishwa, Mheshimiwa! Katibu akafunua fomu, akaifunika, akasema hilo halimo kwenye fomu, hilo ni la mahakama. Tukaombewa dua na sala ya kufungia, tukaambiwa twende nyumbani tukatafakari. Nyumbani kwa nani, hakuna aliyesema. Mwenzangu akapanda bodaboda akaenda kwenye lori lake. Siku hizi simu yangu hapokei. Ya mtoto mkubwa alikuwa anapokea, hadi mwezi uliopita.

Wasaidizi wa kisheria waliokuja na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ndio walionifumbua macho. Kijana mmoja alinisomea kifungu cha 104: baraza linaposhindwa kupatanisha, linaweza kuambatanisha na hati yake mapendekezo kuhusu matunzo, mgawanyo wa mali na nani akae na watoto. Liko kwenye sheria tangu mwaka 1971! Kwa maana hiyo yale aliyoyaomba baba watoto yalikuwa kazi ya baraza kabisa. Hata kama mahakama ndiyo inayoamua, hakimu angekuta karatasi yenye makubaliano na sahihi mbili, na mimi nisingekuwa nadaiwa sare za shule na mwalimu mkuu. Kijana huyo huyo alinieleza kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambapo mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa (japo mama wa watu rufaa yake yenyewe ilikataliwa). Nikafurahi. Kisha wakafunga mahema wakaenda wilaya nyingine, na mimi nikabaki na baraza langu.

Baraza lenyewe ndilo hili, Mheshimiwa. Sheria inataka mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Sisi mwenyekiti amehamia kwa mwanawe mjini. Mjumbe mmoja ni mgonjwa. Mwingine anasema haji tena mpaka alipwe posho ya vikao vya nyuma. Wengine wanasema tatizo lilianza mabaraza ya kata yaliponyang'anywa uamuzi wa kesi za ardhi mwaka 2021 yakaachiwa usuluhishi tu, watu wakaona hakuna tena cha kukalia pale. Huenda. Huenda pia ni uvivu. Mimi najua tu kwamba mlango una kufuli, na kwenye ubao kuna tangazo la chanjo ya mbwa.

Nikukumbushe, kwa adabu, mkutano wako wa hadhara pale uwanja wa shule. Mama mmoja aliuliza swali hili hili. Ulimgeukia mtendaji ukasema, "Ndani ya mwezi mmoja nataka baraza la ndoa liwe linakaa kila wiki, na siku ya kukaa ibandikwe ubaoni." Tulipiga makofi sana. Mimi nilipiga vigelegele, na nilikuwa na homa. Mwezi huo mmoja ni mrefu kweli, maana nadhani bado unaendelea.

Sitaki umfukuze mtu kazi. Sikuombi hela. Najua kuteua wajumbe kuna taratibu, kuna Waziri, kuna mkurugenzi, na kila mmoja atasema si yeye. Ningependa wajumbe wafundishwe kwamba walioachana nao wanasuluhishwa, kwamba kazi yao si "rudianeni" peke yake. Ningependa hati iandikwe tarehe inayotolewa. Ningependa wito upelekwe na mtu mwingine asiye mimi. Hayo yote ukiyaona mengi, yaache.

Nipe tarehe ya baraza kukaa. Moja tu. Baba watoto wakati mwingine anapumzika nyumbani kwao mwisho wa mwezi, na mdogo wake amekubali kunitonya akifika. Nikiwa na tarehe nitamleta mwenyewe, kama nilivyomleta mara ya kwanza. Nipe tarehe, Mheshimiwa, na wajumbe watatu, na mhuri uwepo mezani siku hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama wa watoto watatu, fundi cherehani

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya, Diwani, Afisa Ustawi wa Jamii, ubao wa matangazo, ofisi ya kata (chini ya tangazo la mbwa).