Treni na meli ya Ukerewe zisubiriane

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Makala yenu ya safari ya treni na meli hadi kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, imenikera kiasi kwamba kunyamaza nimeshindwa.

Mwandishi wenu amesifu nyika ya Itigi, asali ya Tabora, mawe ya Mwanza na lile jiwe letu la Ukara linalocheza. Ni kweli tupu, na wenyeji tunajivunia. Lakini anasema ukishuka treni Mwanza unahamia melini, basi. Unahamiaje, wakati treni ikichelewa meli ya Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe, haina habari nayo?

Baba yangu mdogo alipofariki, nilipanda treni Dar es Salaam pamoja na shangazi, mtu mzima mwenye magoti mabovu. Kichwa cha treni kikaharibika, tukalala porini. Tulipoingia Mwanza ilikuwa jioni, meli imeshaondoka, na pale bandarini hakuna aliyejua kama treni ilikuwa na abiria wa visiwani. Shangazi alilala kwenye sakafu ya saruji juu ya kanga mbili. Kesho yake meli hadi Nansio, pikipiki hadi Bugolora, upande wa pili wa Ukerewe, kivuko hadi Bwisya kisiwani Ukara. Tukakuta kaburi limeshafukiwa na vijana wanakunja maturubai. Ndugu yake wa tumbo moja, Mhariri, na hakupata hata kumtupia udongo! Mandhari tuliyapita yote, ila hakuna aliyeyatazama.

Tena makala nzima haikitaji kivuko MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018, Alhamisi ya gulio la Bugolora, kivuko hicho chenye uwezo wa abiria 101 kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Utaandikaje njia ile ukaliruka hilo? Leo tuna kivuko kikubwa zaidi, tunashukuru. Lakini katika safari yetu ile ya msiba, chombo kimoja tulichopanda kilikuwa na magunia ya dagaa hadi mlangoni, na jaketi okozi zimefungiwa kabatini kwa kufuli. Nilipouliza ufunguo, nikaambiwa aliye nao hakusafiri.

Ombi langu ni dogo. Treni ikipita stesheni ya Fela, kabla ya kufika Mwanza, mkuu wa stesheni apige simu bandarini aseme ana abiria wangapi wa Ukerewe na Ukara. Idadi iandikwe kwa chaki kwenye ubao getini, na meli iwasubiri saa moja. Kama kuna msiba au mgonjwa, saa mbili. Na kabati la jaketi okozi ling'olewe mlango kabisa.

Nanyi mtumeni tena mwandishi wenu. Safari hii akae daraja la tatu, afike Bugolora Alhamisi, na awe na mzigo.

Mzaliwa wa Ukara,
Temeke, Dar es Salaam