Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Upimaji wa Protini za Vekta za Virusi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamo kwenye kitabu cha katibu. Mimi nitazungumzia kazi ya maabara, hasa upimaji wa protini za AAV, yaani virusi vidogo vinavyotumiwa kama vekta, chombo cha kubebea jeni hadi kwenye seli, uliochukua sehemu kubwa ya mafunzo yetu mwaka huu. Wapo waliouliza: vekta za virusi zinatuhusu nini sisi wa Mombasa, wakati tiba za jeni za AAV, Luxturna (2017), Zolgensma (2019) na Hemgenix (2022), zimeidhinishwa ng'ambo na bei zake hazishikiki? Pwani ina selimundu, na tiba ya Lyfgenia iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023 hutumia vekta ya lentivirusi, aina nyingine ya virusi. Dawa za namna hii zikifika, lazima awepo mtu wa kusoma cheti cha ubora na kutambua kilichoachwa nje.

Gamba la AAV limejengwa kwa vipande 60 vya protini: VP1 yenye kilodaltoni 82 hivi, VP2 yenye 67 na VP3 yenye 60, kwa uwiano unaokaribia 1:1:10. Kwenye jeli ya SDS, sabuni inayokunjua protini ili zitenganishwe kwa ukubwa, huonekana kana kwamba zina 87, 72 na 62, msishtuke. Ya kuchungwa zaidi ni VP1, kwa kuwa ncha yake ina kimeng'enya cha fosfolipasi A2 kinachosaidia virusi kutoka ndani ya endosomu, kifuko ambamo seli huvimeza. VP1 ikipungua, idadi ya chembe itasomeka sawa lakini nguvu ya dawa itashuka.

Ugumu huanzia kwenye uchache wa protini. Magamba trilioni 10 ni takriban mikrogramu 60 tu, na sehemu yake hunata kwenye plastiki kabla kipimo hakijaanza. Tumieni mirija isiyonata na bufa yenye poloksama 188, kizuia kunata, ya asilimia 0.001. Kumbukeni tu kuiondoa kabla ya spektrometa ya masi, mashine ya kupima uzito wa molekuli, maana huko huzimeza ishara za protini.

Kwa uwiano wa VP, msimamo wangu ni elektroforesisi ya kapilari yenye SDS, yaani kutenganisha protini kwa umeme ndani ya mrija mwembamba sana; kila protini hutokea kama kilele kwenye grafu. Jeli iliyopakwa rangi ya fedha huonyesha hata protini kiduchu, ila haiaminiki kwa kiasi. Punguzeni kwanza chumvi kwa kichujio, kwa sababu sampuli huvutwa kwa umeme na chumvi nyingi huizuia kuingia kwenye kapilari. Ongezeni SDS na beta-merkaptoethanoli, kemikali inayovunja vifungo vya salfa, pasheni nyuzi 70 kwa dakika 10, acheni ipoe, halafu someni kwa nanomita 214 au 220. Joto likizidi, kifungo kati ya asidi ya aspatiki na prolini huweza kukatika na kilele kipya kikachukuliwa kuwa uchafu wa kiwandani. Njia ya kukibaini ni kupasha sehemu mbili za sampuli ileile kwa nyuzi tofauti: kikikua pamoja na joto, tumekitengeneza wenyewe.

Hesabu nayo ina mtego. Eneo la kila kilele ligawanywe kwa muda wake wa kufika, kisha kwa uzito wa protini husika. Gamba lenye uwiano kamili wa 1:1:10 lina VP1 asilimia 11 hivi kwa uzito, lakini asilimia 8.3 kwa idadi. Anayeruka hatua ya uzito atapitisha bechi iliyopungukiwa VP1.

Tena, protini za gamba tupu na za gamba lililobeba jeni ni zilezile. Kapilari haiwezi kuzitenganisha. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 hutoa dokezo, takriban 0.6 kwa tupu na 1.3 au zaidi kwa lililojaa, mradi sampuli imesafishwa vizuri. Jibu la uhakika hutoka kwenye sentrifuji ya uchambuzi, inayozungusha sampuli kwa kasi na kutenganisha magamba kwa uzito.

Upotevu wa amidi kwenye asparajini, mojawapo ya asidi amino za protini, huongeza uzito kwa daltoni 1 tu, kwa hiyo hauonekani kwenye protini nzima. Sharti ikatwe vipande kwa tripsini, kimeng'enya cha kukata protini. Hata hivyo, kuilaza usiku kucha kwenye nyuzi 37 na pH 8 huzalisha upotevu huohuo. Fupisheni muda na shusheni pH.

Kwa lentivirusi nitasema moja: kipimo cha p24, protini ya gamba la ndani la virusi hivyo, huhesabu pia p24 iliyoelea nje ya chembe, hivyo huzidisha.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: sehemu ya ada ya mwaka ujao inunue sampuli rejea moja ya AAV, igawanywe vichupa vya mikrolita 20 vya kuyeyushwa mara moja tu, na matokeo yoyote yasiyo na sampuli hiyo kwenye mzunguko uleule wa upimaji yasiingizwe kwenye daftari la pamoja. Friza ya nyuzi hasi 80 itakayovitunza iwe na jenereta na king'ora, tukijua umeme wetu ulivyo.