Mjomba anataka jina la mama mdogo litoke kwenye wasifu wa bibi, nifanyeje?

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana kichwa kinaniuma na watu wa stationery wanataka kazi yao Jumatano.

Bibi mzaa mama alifariki mwaka jana hapa Korogwe. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho, alikuwa anasema kazaliwa kipindi cha nzige kwa hiyo tunakadiria 1932 hivi, kaishi miaka tisini na kitu. Babu alikuwa mkata mkonge, sasa nailoni ilivyoingia mkonge ukashuka bei, mashamba yakaanza kupunguza watu, bibi ndo akabeba nyumba. Treni ya abiria ikisimama tu stesheni yeye yuko chini ya dirisha na ndoo ya vitumbua kafunika na khanga, na ule wakati wa kufunga mkanda baada ya vita vya Kagera, sukari mpaka upange foleni duka la kaya, akageuza akawa anauza mihogo na mayai ya kuchemsha. Treni ilivyokufa kahamia stendi hapa hapa Korogwe, kwenye mabasi ya kwenda Arusha. Watoto wote wamesoma kwa ile ndoo na sisi wajukuu pia, ada yangu ya sekondari aliilipa kwa noti za mia tano mia tano zinanuka mafuta.

Sasa tunaweka msalaba na mimi ndo nimepewa kuandika wasifu wa kwenye kijitabu cha ibada. Mjomba kaniambia andika ameacha watoto sita. Jamani bibi ana watoto saba! Mama mdogo alichukuliwa mchanga kwenye kambi ya mkonge mwaka 1968, mama yake alifia kwenye uzazi na baba hakuonekana tena, bibi alikuwa ananyonyesha mtoto wake akawanyonyesha wote wawili, na huyo mwenzie wa ziwa moja ndo huyu huyu mjomba. Kwenye Biblia ya bibi ukurasa wa mbele kawaandika wote saba kwa mkono wake, mama mdogo yumo katikati ya wenzie, kalamu ile ile.

Na miaka ya mwisho bibi hawezi hata kujigeuza kitandani, aliyekuwa anamuogesha, anampaka mafuta miguu, anamlisha uji kwa kijiko ni mama mdogo, wengine tulikuwa tunatuma hela tu.

Mjomba anasema akiandikwa kesho atadai shamba na nyumba. Mama yangu kanyamaza, hataki ugomvi na kaka yake. Mama mdogo mwenyewe nilivyomgusia kasema niache tu mwanangu, msigombane kwa ajili yangu, halafu akainuka kwenda kukoroga uji wa wageni. Niliumia sana.

Mimi siwezi kuandika sita, nasema ukweli, mkono haukubali. Ila mjomba ndo msimamizi wa mirathi na ndo mkubwa aliyebaki upande wa wanaume. Niende kwa mchungaji na ile Biblia kabla ya Jumatano au niwaite kwanza wazee wa ukoo? Na wanaojua sheria, kutajwa tu kwenye wasifu kunampa mtu haki ya mirathi kweli, au mjomba anatutisha? Bibi hakuwahi kumuasili mama mdogo, yaani kumfanya mtoto wake kwa maandishi ya mahakama, zamani nani alikuwa anafanya hayo. Naombeni mnijibu mapema.