Tuonyeshwe alama za mahojiano ya maafisa wakuu wa kaunti

Mhariri,

Kaunti yetu ilipotangaza nafasi za maafisa wakuu, wale wanaosimamia idara, mwaka jana, marafiki walinisukuma: "Tuma, huwezi jua." Nikatuma.

Tangazo lilidai vyeti vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo), EACC (tume ya kupambana na ufisadi), CRB (historia ya mikopo) na cha tabia njema kutoka kwa polisi. Hivyo viwili vya mwisho pekee vilinila zaidi ya Sh3,000, mbali na nauli ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole. Ajabu ni kwamba tangu 2022 Sheria ya Ajira inamzuia mwajiri kudai vyeti hivi kabla hajaamua kukupa kazi.

Siku ya mahojiano tulikuwa 11 ukumbini, bahasha za kaki mapajani. Bawabu alitusalimia kwa jumla, ila mmoja alimwita "bosi" na kumletea chai. Mimi nilihojiwa dakika tisa, na mwanachama mmoja wa bodi ya utumishi wa kaunti akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimetoka tu kulijibu. Wiki tatu baadaye, jina la "bosi" lilisomwa katika bunge la kaunti kama mteule.

Huenda alinishinda kwa haki. Linaloniudhi ni kwamba sina njia ya kujua.

Afisa mkuu si karani. Dawa zikikosekana zahanatini, au mkandarasi akilipwa kwa barabara isiyopitika, sahihi iliyo kwenye karatasi ni yake. Ndiyo maana kifungu cha 45 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka gavana ateue miongoni mwa watu waliopatikana kwa ushindani na kupendekezwa na bodi ya utumishi, kisha bunge liidhinishe. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge hilo, aniambia waliletewa jina na wasifu tu. Sasa waliidhinisha ushindani upi?

Bodi zibandike alama za kila aliyehojiwa kabla orodha haijafika kwa gavana. Zitumie nambari za maombi badala ya majina, kama kuna anayeona haya.

Mimi niliandika kuomba zangu chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa ofisi siku 21 kujibu. Siku hizo zilipita kitambo. Nilipopiga simu niliambiwa faili iko kwa mkubwa, na mkubwa yuko semina Mombasa.

Wiki hii wametangaza nafasi nyingine. Vyeti vyangu vimeshapitwa na muda.

Mhandisi wa maji,
Nairobi