Mheshimiwa Waziri, naomba kusoma faili langu

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Si mara ya kwanza kukuandikia. Barua zilizotangulia nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nisubiri majibu. Nikasubiri. Wiki iliyopita nikakusikia redioni ukiulizwa kuhusu kamera mpya zinazotambua sura za watu, na kuhusu polisi kuchukua kumbukumbu za simu za raia bila amri ya mahakama. Ulicheka kwanza. Kisha ukasema wanaolalamika wamesoma hadithi nyingi mno za vitabuni, na kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa.

Subira yangu iliishia hapo. Naandika mbele ya watu wote kwa kuwa inaelekea bahasha zangu hazifunguliwi. Kinachofunguliwa ni simu yangu. Namba yangu sikuiweka juu ya barua hii. Sidhani kama itawapa shida kuipata.

Sasa, kwa kuwa vitabu umevitaja wewe mwenyewe, tuvisome pamoja.

Kinachotajwa kuliko vyote ni riwaya ya George Orwell, 1984, iliyochapishwa Juni 1949. Wengi huitaja bila kuisoma, na sina hakika kama wasaidizi wako walikupa zaidi ya muhtasari. Winston Smith, mtumishi wa kawaida katika wizara ya serikali, anaishi na kioo ukutani kinachomrushia matangazo na papo hapo kinamwona na kumsikia. Sauti anaweza kuipunguza, lakini kukizima kabisa hawezi. Hajui ni saa ngapi anatazamwa, kwa hiyo anaishi kana kwamba anatazamwa kila saa, hadi uso wake anaufundisha usionyeshe kitu. Mpaka hapo tukubaliane, Mheshimiwa, kwamba hiyo ni hadithi.

Lakini angalia ni nani hasa anayetazamwa. Katika nchi ile ya kubuni makabwela ni asilimia 85 ya watu wote, na wengi wao hawana kile kioo nyumbani. Chama kinachotawala hakiwajali kiasi hicho. Wanaochunguzwa usiku na mchana ni wanachama wenyewe, watumishi wa serikali, watu wa ofisini. Orwell na ukali wake wote hakuwaza serikali itakayomfuatilia kila fundi cherehani na kila dereva, kila mahali aendapo. Sisi tumefika huko. Kabwela wa leo amesajili laini kwa kidole chake mwenyewe, amenunua kifaa kwa pesa yake mwenyewe, na kila usiku anakitia chaji ili asubuhi kiendelee kueleza alipo. Winston hatuambiwi kama kioo chake alikilipia. Mimi changu nilikilipia kwa mkopo.

Kuna ukurasa mwingine ulionikumbusha wewe. O'Brien, mkubwa wa chama, anabonyeza swichi na kioo chake kinazimika, na Winston anabaki ameduwaa kwa kuwa hakujua kwamba jambo hilo linawezekana. Je, Mheshimiwa, kumbukumbu za simu yako nazo hutolewa kwa karatasi moja kutoka kituoni? Nauliza tu. Isitoshe, usidhani cheo ni ngao. Julai 2021 vyombo vya habari vya nchi kadhaa vilipoandika juu ya Pegasus, programu ya kijasusi inayoweza kuingia kwenye simu bila mwenyewe kubofya chochote, orodha ya namba zilizodhaniwa kulengwa ilikuwa na namba ya Emmanuel Macron, Rais wa Ufaransa. Mashine ikishajengwa, haichagui sana.

Kabla ya Orwell kulikuwa na Mrusi, Yevgeny Zamyatin, aliyeandika riwaya iitwayo Sisi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Nchini mwake kitabu hicho hakikuruhusiwa kuchapishwa hadi 1988. Watu wa riwaya hiyo wana namba badala ya majina na wanaishi katika nyumba za vioo, kila mtu anamwona jirani. Hata hao wanazo saa wanazoruhusiwa kuteremsha pazia, wakiwa na kikuponi mkononi. Pazia lipo na saa inajulikana! Niambie saa yangu ya pazia ni ipi, Mheshimiwa, nami nitakaa kimya.

(Ipo kejeli moja ambayo hakuna mtunzi angeithubutu. Julai 2009 Amazon, kampuni inayouza vitabu mtandaoni, ilikifuta kitabu hichohicho cha 1984 kutoka kwenye vifaa vya wasomaji waliokwisha kukinunua, kwa mbali, kwa sababu ya mgogoro wa hakimiliki. Walirudishiwa pesa na kuombwa radhi. Kitabu kinachohusu maandishi yanayofutwa nacho kikafutwa.)

Sasa nieleze yaliyonipata mimi, kwa kuwa hayamo katika riwaya yoyote. Siku ya yale maandamano nilimpeleka mama kliniki. Kliniki iko jirani na uwanja walikokusanyika watu. Tulikaa foleni, tukapata dawa, tukarudi. Sikubeba bango wala sikupaza sauti. Kusema kweli, walichokuwa wanadai nilikijua jioni kwenye taarifa ya habari. Baadaye nikapigiwa simu na mtu aliyenitaja majina yangu yote matatu, akanisomea saa niliyoingia eneo lile na saa niliyotoka, kisha akaniita kituoni kwa mahojiano madogo. Hayo madogo yalianza asubuhi yakaisha giza limeingia. Nilionyesha kadi ya kliniki. Afisa aliigeuza mbele na nyuma, akasema kadi haithibitishi kitu, mnara wa simu umeshasema.

Mnara umeshasema! Nguzo ya chuma inaaminika, mama yangu haaminiki.

Simu ikabaki kwao. Kazi yangu yote imo ndani ya simu: wateja, oda, malipo, hata anwani za kupeleka mizigo. Niliporudishiwa, wateja walikuwa wamekwisha kupata mtu mwingine, na sikuwa na la kuwalaumu. Mwenye nyumba alipopata habari alianza kuniuliza kila tukikutana kama mambo yangu na serikali yamekwisha. Yamekwishaje, na sijui yalianzaje? Lakini linaloniuma kuliko yote ni mama. Siku hizi hataki kusema jambo la maana kwenye simu. Sukari yake ikipanda ananiambia yule mgeni amerudi. Ikishuka, mgeni kaondoka. Bibi kizee mwenye kisukari anaongea na mwanawe kwa mafumbo kama mpelelezi. Asiye na la kuficha, Mheshimiwa, ndiye huyo.

Kwa nini mimi? Nimekisia mpaka nimechoka. Labda walichota namba zote zilizoshika mnara ule siku ile wakaanza na wasio na mtu wa kuwasemea. Labda kuna programu inayowapa watu alama, nami alama zangu zilipanda kwa kuwa siku chache kabla nilikuwa nimelalamika mtandaoni juu ya huduma mbovu za intaneti, yaani juu ya wizara yako. Labda ni makosa tu ya mtu aliyekuwa na usingizi. Sijui, na hakuna anayewajibika kuniambia.

Msemaji wako alijibu watu wengine kwamba mazungumzo hayasikilizwi, ni kumbukumbu tu: nani kampigia nani, saa ngapi, akiwa wapi. Hilo neno “tu” tumelisikia kabla. Juni 2013, nyaraka zilizovujishwa na Edward Snowden zilipoonyesha kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa likikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani kila siku, nao waliambiwa hivyohivyo. Mwaka uliofuata Michael Hayden, aliyewahi kuliongoza shirika hilo na lile jingine la ujasusi, CIA, pia, alikiri hadharani kwamba watu huuawa kwa kutegemea kumbukumbu za aina hiyo. Si mwanaharakati huyo, ni jenerali. Na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mtu ambaye polisi walichukua nyendo za simu yake kwa siku 127 bila hati kamili ya upekuzi, iliamua kwamba kwa kawaida hati hiyo ni lazima. Majaji waliona kwamba anayejua simu imelala wapi na imeamkia wapi anajua maisha ya mwenyewe. Mama aliliona hilo bila kusoma sheria.

Kuhusu kamera zako nitasema kidogo, maana bado hazijanikamata. Januari 2020, mjini Detroit, baba mmoja alifungwa pingu nje ya nyumba yake, mkewe na binti zake wakitazama, kwa sababu kompyuta ilifananisha picha hafifu ya mwizi wa dukani na picha ya leseni yake ya udereva. Hakuwa yeye. Mwaka 2024 mji ulikubali kumlipa na kuweka masharti kwamba polisi wasimkamate mtu kwa kuitegemea mashine peke yake. Wewe umezinunua kamera kwanza, masharti umesema yatafuata.

Na tukumbushane jambo. Ulipotutaka tusajili laini kwa alama za vidole, ulisimama bungeni ukaahidi kwamba taarifa hizo ni za kuwabana matapeli, na kwamba hakuna atakayezigusa pasipo amri ya mahakama. Tulipanga foleni kwa ahadi hiyo, na ahadi ni deni. Matapeli bado wananitumia ujumbe kila siku, kwa laini zilizosajiliwa. Sijamsikia hata mmoja ambaye mnara umemsema.

Tuache riwaya basi, kama zinakuchekesha, tuingie kwenye historia. Idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, Stasi, ilipofika 1989 ilikuwa na watumishi wa kudumu wapatao 91,000, na watoa habari wa siri walikuwa wengi zaidi ya hao. Mafaili waliyoyaacha, yakipangwa kwenye rafu, yanafika kilomita 111. Kazi ile ilihitaji mtu wa kufungua barua kwa mvuke, mwingine wa kukaa na vipokea sauti masikioni, mwingine wa kupiga taipu usiku kucha. Raia alilindwa kidogo na uchovu wa wanaomfuatilia. Leo afisa mmoja anaandika namba yangu kwenye kompyuta, na kabla chai yake haijapoa anajua mama anatibiwa wapi.

Lakini soma na walichofanya baadaye. Utawala ulipoanguka, wananchi waliingia katika ofisi za Stasi kuzuia karatasi zisiharibiwe. Sheria ikatungwa 1991, na tangu Januari 1992 mtu aliyechunguzwa anaweza kuomba faili lake, akapewa kiti na meza, akalisoma. Wapo waliogundua kwamba aliyewachongea ni rafiki, na wapo waliokuta ni mume. Waliumia, lakini walijua. Winston alifuatiliwa miaka saba bila kujua, na katika nchi yake hakukuwa na dirisha la kuulizia. Ndiyo maana nakuandikia. Umesema hizi ni hadithi. Nami nakubali kuamini, ukinifungulia hilo dirisha.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai mengi. Kwamba kila ombi la kumbukumbu za simu lipite kwa hakimu. Kwamba kamera zisimame mpaka sheria ipite. Kwamba nilipwe kwa kazi niliyopoteza. Kwamba yule afisa amwombe mama radhi. Bado nayataka yote, lakini najua ukipewa orodha utaunda kamati, na kamati itaomba muda, nami sina muda wa kamati. Kwa hiyo nakuomba moja.

Nionyeshwe faili langu. Nani aliomba kumbukumbu zangu, tarehe ngapi, kwa sababu gani iliyoandikwa, kwa saini ya nani. Na sasa zimehifadhiwa wapi, na hadi lini. Kama ni ukurasa mmoja, nionyeshwe huo mmoja. Kama ni mstari mmoja kwenye kompyuta, niusome huo mstari. Na kama utasema faili halipo, nitafurahi; ila niandikiwe kwamba halipo, kwa saini na muhuri wa ofisi yako, nakala mbili: moja ya mwenye nyumba, nyingine ya mama.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwananchi aliyepeleka mama kliniki