Wati za kwenye boksi na spika zinazoungua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa redio na amplifaya hapa Mwanza tunaletewa mezani mara kwa mara, nalo ni spika zilizoungua kwa sababu mwenye nazo aliuziwa wati zisizo na maana yoyote. Ninakusudia hasa sabufa na homthieta zinazopangwa madukani zikiwa na maandishi makubwa ya wati 10,000 au zaidi, yakifuatiwa na herufi PMPO ambazo mnunuzi haelezwi ni za nini.

Herufi hizo hutaja nguvu ambayo eti chombo kinaweza kuitoa kwa kitambo kifupi mno, sehemu ndogo tu ya sekunde, na kwa kuwa hakuna kanuni moja inayosema kitambo hicho kipimwe vipi, kila kiwanda hujiandikia namba kinayoitaka. Soketi za nyumbani kwetu zina volti 230, na plagi ya pini tatu bapa huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13. Zidisha namba hizo mbili utapata wati 2,990, na hicho ndicho kiasi ambacho plagi hiyo imekusudiwa kupitisha mfululizo, iwe imechomekwa pasi, jiko au redio. Chombo kilichoandikwa wati 12,000 hakina mahali pa kuzipata. Tena ukikigeuza nyuma, mara nyingi utakuta kibandiko kidogo kinachosema kinatumia umeme wa wati 60 au 80. Kwa kawaida matumizi hayo hupimwa sauti ikiwa ya wastani, kwa hiyo msomaji asiyachukue kuwa ndiyo nguvu kamili ya amplifaya; hata hivyo, hakuna hesabu ya kweli inayoweza kuunganisha 80 na 12,000.

Kipimo chenye maana ni wati za mfululizo, zinazoandikwa RMS, nazo hazijitoshelezi mpaka ziandamane na omu (kipimo cha ukinzani wa spika kwa umeme), idadi ya chaneli, yaani njia za kutolea sauti, zilizokuwa zikifanya kazi wakati wa kupima, na kiasi cha upotoshaji wa sauti. Risiva, yaani chombo chenye amplifaya ya kuendesha spika kadhaa, huweza kuandikwa wati 100 kwa kila chaneli ilhali iliyopimwa ni chaneli moja peke yake, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), sauti ikiwa imekwisha kuharibika kwa asilimia 10. Risiva hiyo hiyo ikiziendesha spika tano kwa pamoja, besi na sauti nyembamba zikiwemo, kila spika itapata pungufu sana ya hapo, kwa sababu umeme wote hutoka kwenye transfoma moja.

Wateja wengi, na hata baadhi ya wauzaji, huamini kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Imani hiyo ndiyo inayotia watu hasara kuliko zote, na inastahili maelezo ya kutosha. Chukua amplifaya ya wati 50 kwa spika ya omu 8. Ikifikia nguvu yake yote huwa inatoa volti 20 kwa kipimo cha RMS, ambacho kwa volti ni kiwango chenye kazi sawa na umeme usiopanda wala kushuka, na kilele cha wimbi hufika volti 28 hivi. Mtu akizidi kufungua sauti, amplifaya haina volti nyingine za kutoa, kwa hiyo vilele vya mawimbi hukatwa, na wimbi lililokuwa na mgongo wa mviringo huanza kukaribia umbo la mraba. Wimbi la mraba lenye kilele kile kile hubeba nguvu maradufu, yaani wati 100 kutoka kwenye amplifaya iliyouzwa kuwa ya 50. Pamoja na hayo, kule kukatwa huzaa masafa ya juu, yaani milio myembamba, ambayo hayakuwamo katika muziki, na kichujio kilichomo ndani ya boksi la spika huyapeleka moja kwa moja kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo koili yake ni ya waya mwembamba kama unywele na haikuundwa kubeba zaidi ya wati chache. Ndiyo maana spika iliyoandikwa wati 150 huletwa kwa fundi twita yake ikiwa imekufa kabisa, huku spika ya besi ikiwa nzima haina hata doa. Sauti inapoanza kukwaruza, ipunguzwe hapo hapo, hata kama namba iliyoandikwa kwenye spika ni kubwa kiasi gani.

Kwa sababu hiyo ninawashauri wanunuzi wachague amplifaya yenye nguvu ya mfululizo inayolingana na ile ya spika au inayozidi hadi mara mbili, kwa omu zile zile: spika ya wati 60 za RMS iendeshwe na chaneli ya wati 60 hadi 120. Ziada hiyo si ruhusa ya kufungua sauti mpaka mwisho. Kazi yake ni kuuacha mshindo wa ghafla, kama mlipuko katika filamu, upite bila kukatwa.

Omu nazo zisipuuzwe. Spika nyingi za homthieta za seti moja ni za omu 3 au 4, na zile zilizobaki baada ya amplifaya yake kufa huhamishiwa kwenye risiva ambayo nyuma yake imeandikwa kuwa haikubali chini ya omu 6. Spika ya omu 4 huvuta mkondo maradufu ya ule unaovutwa na spika ya omu 8 kwa volti zile zile, na kuziunga spika mbili za omu 8 sambamba kwenye tundu moja ni sawa na kuweka moja ya omu 4. Hapo risiva hupata joto kupita kiasi, ikajizima, na isipojizima huunguza transista za kutolea sauti.

Liko jambo jingine ambalo muuzaji halitaji kamwe, nalo ni usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ile ile, unaopimwa kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Kuongeza nguvu maradufu huongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida, kwa hiyo spika ya desibeli 91 kwenye amplifaya ya wati 50 itasikika sawa na ya desibeli 88 iliyopewa wati 100. Kwa sebule ya kawaida, mwenye fedha kidogo atafaidika zaidi akitafuta spika yenye usikivu mzuri kuliko kukimbilia amplifaya kubwa.

Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliweka kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani tangu mwaka 1974, na mwaka 2024 ikaikaza kwa kutaka zipimwe kwa omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, upotoshaji ukiwa hauzidi asilimia 1. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Ninaiomba Tume ya Ushindani, ikishirikiana na Shirika la Viwango Tanzania, iwatake waagizaji waandike kwenye kila boksi, kwa Kiswahili na kwa herufi zisizo ndogo kuliko zile za PMPO, wati za mfululizo kwa kila chaneli, omu zilizotumika, chaneli ngapi zilipimwa na kwa upotoshaji upi. Waagizaji ambao hawawezi kuzipata namba hizo kutoka kiwandani waondoe namba ya wati kwenye boksi kabisa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa redio na amplifaya,
Mwanza